Tabibu wa Goa na Watu Waliomfundisha

Mwaka 1556 meli ya Wareno ilitia nanga Goa, pwani ya magharibi ya Bara Hindi, ikiwa na mtambo wa kupiga chapa uliokuwa njiani kwenda Ethiopia. Mapadre Wajesuiti walitaka kuutumia katika kazi ya kuwavuta Wahabeshi wafuate kanisa la Roma. Mfalme wa Habeshi hakuwa na haja na ujumbe huo, safari ikakwama, na mtambo ukabaki Goa. Ndio uliokuwa wa kwanza kufanya kazi katika Bara Hindi lote. Kazi zake za mwanzo zilikuwa za dini na za shule ya mapadre. Kisha, tarehe 10 Aprili 1563, mpiga chapa Joannes de Endem akatoa kitabu cha namna nyingine kabisa, kitabu cha dawa. Mwandishi wake, Garcia de Orta, alikuwa tabibu Mreno wa umri wa miaka 60 hivi, naye alikwisha kuishi India karibu miaka 30.

Kilichapwa vibaya. Herufi zimerukwa, maneno yamegeuzwa, na orodha ya masahihisho inakula kurasa nyingi. Lakini ndani ya karatasi hizo zenye kasoro mna shubiri, mvuje, ukwaju, karafuu, mdalasini, kafuri, iliki, tangawizi, kungumanga, tambuu na popoo, afyuni, bangi, ambari, sandali na pembe za ndovu. Msomaji wa Mombasa au Unguja hahitaji kueleweshwa. Nusu ya vitu hivyo vimo jikoni mwake, na vingi vya nusu iliyobaki atavipata kwa mwuza dawa za asili, vikiwa vimefungwa kwenye kipande cha gazeti.

Huko Ulaya hali ilikuwa tofauti. Katika karne ya 16 tabibu wa Lisbon au Venezia alitumia dawa hizi kila siku bila kuona mti hata mmoja zilikotoka. Alipokea gome lililokauka, utomvu ulioganda, mizizi iliyoliwa na wadudu, vyote vikiwa vimepita mikono ya wachuuzi wengi. Kuhusu asili yake alikuwa na vitabu tu: Dioscorides na Galen, Wagiriki waliokufa zaidi ya miaka elfu moja nyuma, na Ibn Sina, ambaye Wazungu walimsoma kwa Kilatini kilichojaa makosa. Mgonjwa aliangaliwa kwa mizani ya vitu vinne vya mwili, yaani damu, balghamu, safura na sauda, na kila mmea ulipewa daraja lake la joto au baridi, ukavu au unyevu. Elimu hiyo hiyo iliingia kwa Waswahili kupitia Waarabu. Mzee wa pwani anayemkataza mwenye mafua asile kitu cha baridi anatumia mizani ile ile ya Galen.

Orta alizaliwa karibu 1501 katika mji mdogo wa Castelo de Vide, karibu na mpaka wa Hispania. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492. Walikimbilia Ureno, na miaka mitano baadaye Wayahudi wa Ureno nao wakabatizwa kwa nguvu. Kwa hiyo mtoto Garcia alizaliwa akiwa na jina la Kikristo na siri ya nyumbani. Alisomea utabibu Salamanca na Alcalá, akarudi kutibu watu kwao, kisha akafundisha katika chuo kikuu cha Lisbon. Machi 1534 alipanda meli akiwa tabibu wa Martim Afonso de Sousa, aliyepewa uongozi wa majeshi ya baharini ya Ureno huko India. Watu wengi wenye asili kama yake walikuwa wakitafuta namna ya kuwa mbali na Lisbon, na miaka miwili tu baadaye, mwaka 1536, Baraza la Kuhukumu Wazushi lilianzishwa Ureno. Orta hakurudi tena.

Kwanza alifuatana na Sousa vitani. Kisha akakaa Goa, akafungua utabibu, akafanya biashara ya dawa na vito, akaoa, na baadaye akapewa ardhi katika kisiwa cha Bombay, wakati huo kijiji cha wavuvi na minazi. Huko alikuwa na mwembe aliojisifia kwamba huzaa mara mbili kwa mwaka. Rafiki yake mkubwa alikuwa Burhan Nizam Shah, sultani wa Ahmadnagar, mtu aliyependa elimu na aliyekusanya mahakimu wa Kiajemi na wa Kiarabu barazani kwake. Orta anasimulia kwamba sultani alimfundisha majina ya magonjwa na dawa kwa Kiarabu, naye akamfundisha sultani majina hayo kwa Kilatini. Sielewi kwa nini vitabu vya historia ya tiba vinalipita jambo hili haraka. Mzungu msomi anakaa chini kufundishwa na mtawala Mwislamu, kisha anakiandika kisa chenyewe bila kuona aibu.

Kitabu hakikuandikwa kwa mtindo wa kamusi. Ni mazungumzo, zaidi ya 50, kati ya Orta na mgeni aitwaye Ruano, tabibu aliyesoma naye Salamanca na ambaye sasa ameshuka Goa akiwa na hamu ya kujua. Ruano hakuwahi kuishi. Orta alimbuni ili apate mtu wa kubishana naye, na ukisoma unatambua kwamba Ruano ni Orta mwenyewe wa zamani, yule kijana aliyehifadhi maneno ya Galen moyoni. Kila mada Ruano huanza na yaliyoandikwa vitabuni, naye mwenyeji humjibu kwa yale aliyoyaona. Kuna mahali Orta anakiri kwamba angekuwa Hispania asingethubutu kusema neno dhidi ya Galen na Wagiriki. Akiwa Goa, anamwomba mgeni wake asimtishe kwa majina hayo.

Mwanzoni kabisa yanakuja mazungumzo ya shubiri. Kila duka la dawa la Ulaya lilikuwa nayo. Ilitumika kuharisha, kusafishia macho na kutibu vidonda, na iliyosifiwa kuliko zote ilitoka kisiwa cha Sokotra, upande wa Pembe ya Afrika. Orta anakubaliana na sifa hiyo. Lakini hakuridhika kuirudia kwa sababu wakubwa waliisema. Anaeleza jinsi wafanyabiashara wanavyoitofautisha shubiri ya Sokotra na ya kwingine, na jinsi inavyosafirishwa na kuuzwa. Njia hizo za merikebu ndizo zilizounganisha Hormuz, Aden, Gujarat na miji yetu, kutoka Mogadishu hadi Kilwa. Orta hakuwahi kufika Malindi wala Mombasa kwa kazi yake, ila bidhaa za pwani hii zilimfikia. Anapozungumzia ambari anaitaja pwani ya Afrika Mashariki kuwa mahali inapookotwa. Anapofika kwenye pembe za ndovu anaeleza shehena zitokazo Sofala na Malindi kwenda Gujarat, ambako wanawake huvaa bangili za pembe na kuzivunja wanapofiwa. Biashara ikidumu kwa sababu ya vilio, Orta anaona, soko lake halitakosa wanunuzi.

Kisha mvuje. Kwetu kinamama huufunga kwenye kitambaa na kumvisha mtoto ili kumkinga na mabaya, na harufu yake inajulikana nyumba ya tatu. Orta anasema wazi kwamba hajapata kunusa kitu kibaya kama hicho. Hata hivyo aliona Wahindi wasiokula nyama wakiutia katika mboga na dengu, akaonja, akakiri kwamba chakula chenyewe hakikuwa kibaya. Kisha anasimulia kisa cha Mreno mmoja huko Vijayanagara aliyekuwa na farasi wa thamani, lakini farasi huyo alisumbuliwa na gesi tumboni na mfalme akakataa kumnunua. Mwenye farasi akamlisha mvuje uliochanganywa na unga, gesi ikaisha, mfalme akamnunua kwa bei nzuri. Alipouliza ni dawa gani, akajibiwa. Mfalme akasema si ajabu, kwani hicho ni chakula cha miungu. Mreno akanong'ona kwa lugha yake kwamba ni chakula cha mashetani. Orta aliandika majibu yote mawili, la mfalme na la mwenye farasi, na hakumpa ushindi yeyote.

Masahihisho yake kwa wakubwa wa zamani ni mengi. Baadhi ya waandishi walidhani ukwaju ni tunda la aina ya mtende, kwa kuwa Waarabu waliuita tende ya Kihindi. Orta alikuwa akiuona mkwaju kila siku, akaeleza mti wenyewe, ganda lake, kokwa zake, na namna unavyolainisha tumbo na kupunguza joto la mwili. Wagiriki walisimulia kwamba mdalasini huokotwa katika viota vya ndege wakubwa au hutoka Uarabuni na Habeshi. Yeye akasema mdalasini bora hutoka Ceylon, na kwamba Wagiriki walidanganyika kwa sababu waliununua kwa watu wa Uarabuni na hawakuuliza umepita wapi kabla ya hapo.

Si kwamba hakukosea. Aliamini pilipili manga nyeusi na nyeupe hutoka katika mimea miwili tofauti, kumbe nyeupe ni punje ile ile iliyoiva na kumenywa ganda. Alidhani nazi kubwa zilizookotwa baharini Maldivi, ambazo malkia wa Ureno alipenda kuletewa kwa kuwa zilisifiwa kuzuia sumu, ni mabaki ya minazi ya nchi iliyozama. Mti wake ulikuwa hai wakati wote huo katika visiwa vya Ushelisheli, na Wazungu waliuona kwa mara ya kwanza katika kisiwa cha Praslin mwaka 1768. Hapo hakuwa na mtu wa kumuuliza, na hapo ndipo alipokisia.

Sehemu ninayoirudia mara nyingi ni ile ya kusti, mzizi wenye harufu nzuri unaotoka milimani kaskazini mwa India. Mazungumzo yanakatizwa. Mtu anakuja mbio kumwita tabibu, kuna mgonjwa aliyeshikwa na kutapika na kuhara tangu usiku. Orta anaondoka na Ruano. Wanamkuta mgonjwa mapigo ya moyo hayashikiki mkononi, ngozi ya baridi, jasho jembamba la baridi, macho yamezama, misuli ya miguu imekaza, kiu haimwishi. Orta anataja jina la ugonjwa huo kwa lugha ya wenyeji na kwa Kiarabu, kisha anamweleza mgeni kwamba hapa si kama ule wa Ulaya. Huua kwa siku moja, mara nyingi kwa saa chache. Ndiyo moja ya taarifa za mwanzo kabisa alizoandika Mzungu juu ya kipindupindu cha Asia, ikiwa na dalili zake zote, karibu miaka 250 kabla ya maradhi hayo kutoka India na kuizunguka dunia nzima. Yalifika pwani yetu zaidi ya mara moja katika karne ya 19, na mwaka 1869 hadi 1870 yaliua watu wengi sana Unguja.

Tazama namna anavyotibu. Yeye ana dawa zake za kitabuni. Lakini anamweleza Ruano pia wenyeji hufanya nini: humpa mgonjwa maji ya mchele uliochemshwa, yenye pilipili manga na bizari ya pilau, na huchoma nyayo kwa chuma cha moto. Kuhusu nyayo hakuna wa kuwasifu. Maji ya mchele ni habari nyingine. Leo mgonjwa wa kipindupindu huokolewa kwa kurudishiwa maji na chumvi alizopoteza, na mchanganyiko wa kunywesha uliotengenezwa kwa unga wa mchele umethibitika kufaa katika kutibu maradhi haya. Wanawake wa Goa waliochemsha chungu cha mchele usiku ule hawakujua lolote kuhusu chumvi za mwilini. Walijua mgonjwa huyu amekauka na lazima anywe, na walijua kitu atakachoweza kukishika tumboni. Tabibu aliyesoma vyuo viwili aliliona hilo la kuandikwa.

Watu wa namna hiyo wamejaa kitabuni. Yupo Malupa, mganga wa Kihindu ambaye Orta anamheshimu kama mwenzake wa kazi na kumshirikisha katika mazungumzo. Yupo Antonia, kijakazi wa nyumbani, ambaye kila mara huitwa alete mmea fulani kutoka bustanini au sokoni, nao Orta na Ruano wakauangalia, wakauponda, wakaunusa. Wapo watumishi waliomsimulia namna bangi inavyowafanya wasahau kazi na kucheka bila sababu. Yupo Bahadur, sultani wa Gujarat, aliyemwambia Martim Afonso de Sousa kwamba usiku akitaka kwenda Ureno, Brazili, Uturuki, Uarabuni au Uajemi, hula bangi kidogo tu. Katika mazungumzo ya mnanaha, ile datura ya maua marefu meupe, tunamsikia mwanamke mtumwa aliyelishwa mmea huo na mwizi, akawa anacheka tu huku mali ya bibi yake ikichukuliwa. Orta anaeleza alivyomtibu.

Tusimgeuze kuwa mtakatifu. Aliishi katika mji wa utawala wa kikoloni, alikuwa na watumwa nyumbani, na utajiri wake ulitokana na bahari ambayo Wareno waliiteka kwa mizinga. Miji ya Kilwa na Mombasa ilishambuliwa na meli za taifa hilo hilo mwaka 1505. Antonia hakuchagua kutumwa bustanini. Ninachosema ni kwamba Orta, akiwa ndani ya hali hiyo, alitaja ni nani aliyemwambia kitu, na hilo ni adimu katika vitabu vya zama zake.

Mwanzoni mwa kitabu kuna shairi la kukisifu, lililoandikwa na askari maskini mwenye jicho moja aliyekuwa Goa wakati huo. Jina lake Luís de Camões. Lilikuwa shairi lake la kwanza kupigwa chapa, miaka tisa kabla ya utenzi uliompa umaarufu na ambamo Vasco da Gama anapokelewa Malindi.

Mwaka 1560 Baraza la Kuhukumu Wazushi lilifunguliwa Goa. Bahari iliyomweka Orta mbali na Lisbon haikumkinga tena. Dada zake walikuwa wamekwisha kukamatwa Ureno katika miaka ya 1540, wakaachiwa, wakaja kuishi naye pamoja na mama yao. Yeye mwenyewe alifariki 1568 kabla ya kuguswa. Baada ya mazishi yake, dada yake Catarina alikamatwa. Tarehe 25 Oktoba 1569 alichomwa moto hadharani kwa kosa la kuishika dini ya wazee wake kwa siri. Mahojiano ya jamaa wengine yakamhusisha marehemu, na mwaka 1580 mifupa yake ikafukuliwa, ikachomwa, na majivu yakatupwa. Vinara wa Ureno walikuwa wametibiwa na mikono hiyo kwa zaidi ya miaka 30.

Kitabu kilikuwa kimekwisha kuondoka. Mwaka 1564 mtaalamu wa mimea Charles de l'Écluse, ambaye wasomi humwita Clusius, alikipata akiwa safarini Ureno. Akakifupisha kwa Kilatini na kukitoa kwa mpiga chapa Plantin huko Antwerp mwaka 1567, kikachapwa tena na tena. Kwa njia hiyo Ulaya yote ilijifunza mimea ya India. Kazi ya Clusius ilikuwa safi na ya manufaa, ila alichinja kitabu. Aliondoa mazungumzo, akaacha maelezo ya mmea mmoja baada ya mwingine. Ruano akapotea, Antonia akapotea. Mambo yaliyokuwa maneno ya mtu fulani mwenye mahali pake yakawa ukweli usio na mwenyewe, na tangu hapo vitabu vya Ulaya vikayarudia kana kwamba vimeyagundua. Mwaka 1578 Cristóvão da Costa, tabibu aliyejiita Mwafrika na aliyefika Goa mwaka ule ule Orta alipofariki, alitoa mjini Burgos kitabu cha Kihispania kilichojengwa kwa kiasi kikubwa juu ya kazi ya Orta. Alichoongeza ni picha za mimea yenyewe, alizochora kwa kuiona.

Kitabu cha Kireno kilibaki nadra kwa karne tatu. Kilichapwa upya Lisbon 1872, kisha Conde wa Ficalho akakitoa kati ya 1891 na 1895 pamoja na maelezo marefu ya kila mmea, na Clements Markham akakitafsiri kwa Kiingereza 1913. Hata hivyo hakuna hata mmoja kati yao aliyejua mwisho wa mwandishi. Kumbukumbu za Baraza, zenye habari za Catarina na za mifupa, zilitolewa hadharani na daktari Mreno Augusto da Silva Carvalho mwaka 1934.

Ningependa kitabu hiki kifasiriwe kwa Kiswahili, kikiwa kizima na mazungumzo yake yote. Watu wanaofaa kwa kazi hiyo wapo. Kaskazini mwa Msumbiji, kutoka Palma hadi kisiwa cha Ibo, kuna wasomi waliokulia Kireno shuleni na Kiswahili au Kimwani nyumbani, na wanaojua mmea kwa majina yake yote. Wangeanza na mazungumzo ya kusti, pale mlango unapogongwa na tabibu kuitwa kwa mgonjwa.